Bisi za Saa Kumi

Habiba binti Khamisi alikuwa na duka la khanga na vitenge mbele ya nyumba yake pale Mbugani, mjini, na wateja wake walijua mambo mawili juu yake: kwamba maneno matamu hayamshushi bei, na kwamba ikifika saa kumi alasiri hahudumii mtu mpaka amalize pakiti yake ya bisi. Alizinunua kwa mama mmoja aliyeweka mashine karibu na stendi, bisi za njano zinazong'aa mafuta, chumvi imejikusanya chini ya nailoni kama mchanga. Alikaa nyuma ya meza ya kupimia vitambaa, akazila moja moja, macho yake yakiwa barabarani. Marehemu mumewe, Mansuri, alikuwa akimtania kwamba siku akipotea atamtafuta kwa kufuata punje. Mansuri alifariki miaka minne iliyopita bila kuuliza kwa nini iwe bisi na isiwe korosho, ambazo ndugu zake walizituma kila mwaka kutoka Mtwara.

Mwezi wa pili mwaka huu Habiba alipanda kwenye kigoda kushusha jora la kitenge, dunia ikazunguka, akajikuta amekaa sakafuni na jora mapajani. Hakuumia. Lakini zahanati walipompima presha, nesi alitazama namba, akapima tena mkono wa pili, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, chumvi unapenda?"

"Kiasi."

Nesi akautazama mkoba wa Habiba, ambao pakiti ya nailoni ilikuwa inachungulia kutoka ndani yake. "Hicho ndicho kiasi?"

"Wali nipunguzie," Habiba akasema. "Nyama nipunguzie, chai nitakunywa bila sukari. Bisi siachi."

"Sijasema uache. Mahindi hayana kosa. Kosa ni mafuta yanayochemshwa wiki nzima, na chumvi, na siagi juu yake. Pika mwenyewe nyumbani, bila hayo. Na vidonge hivi umeze kila siku, usingoje kizunguzungu."

Akaenda sokoni akanunua mahindi ya bisi. Siku ya kwanza aliyatia kwenye sufuria kavu juu ya jiko la mkaa, akafunika, akasubiri. Zilipasuka chache, nyingine zikaungua, moshi ukajaa hadi jirani akapiga hodi kuuliza kama kuna usalama. Siku ya pili alitia kijiko kimoja cha mafuta. Zilipasuka zaidi, lakini alipozitafuna bila chumvi zilikuwa kama karatasi. Siku ya tatu alikaa na ile sufuria iliyoungua mapajani, akiikwangua kwa kijiko, na mkono ukasimama.

Aliwahi kula bisi zisizo na tone la mafuta wala chembe ya chumvi, na hazikuwa kama karatasi. Alijua amezila wapi. Alijua na mkono uliozipika. Kwa kweli hakuwa amesahau hata siku moja. Zile za njano za stendi, miaka yote hiyo, zilikuwa ni za kumsogezea saa tu.

Ilikuwa Ipyana, miaka arobaini nyuma. Baba yake, Khamisi, mtu wa Kilwa aliyefuata biashara ya mchele mpaka ziwani, alikodi ghala Ipyana kwa misimu miwili, akahamia na binti yake wa miaka kumi na minane amsaidie kuandika magunia. Boma la jirani lilikuwa la mzee wa kanisa na mkewe, watu wakimwita Mama Gwamaka kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kila siku saa kumi, mizani ikishafungwa na wanawake wakirudi kutoka mashamba ya mpunga, Mama Gwamaka aliweka chungu cha bisi jikoni. Gwamaka, kijana wa miaka ishirini, mrefu, mzito wa kusema, alikaa kwenye gogo akipukuchua mahindi mekundu madogo. Wiki ya kwanza Habiba alitazama kutoka upande wake wa ua. Wiki ya pili akavuka. Kufika mavuno alikuwa amekaa kwenye lile gogo, anapukuchua naye, na vidole vyao vilipogusana ndani ya ungo hakuna aliyevuta vyake haraka.

Gwamaka alimtuma mjomba wake kwa Khamisi. Khamisi alimkaribisha kwa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa heshima kwamba binti yake hataolewa na asiye Mwislamu. Gwamaka akasema atasilimu. Baba yake mwenyewe, yule mzee wa kanisa, akamwambia akifanya hivyo asikanyage tena kwenye lile boma. Gwamaka akaja uani jioni ile ile, akamwambia Habiba kwamba yuko tayari, kesho waondoke, ana ndugu Chunya.

Habiba ndiye aliyesema hapana. "Usimwache mama yako kwa ajili yangu," alimwambia. Gwamaka alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Kisha akarudi kwao. Miezi miwili baadaye Habiba aliolewa na Mansuri mjini, akawa mke mwema, akazaa, akauguza, akazika. Mji na Ipyana si mbali, ni mwendo wa bajaji. Hakurudi huko hata mara moja.

Basi alipomaliza kukwangua sufuria alisema moyoni kwamba anachohitaji ni chungu tu. Chungu hakina mwenyewe. Siku ya gulio akafunga duka, akapanda Noah ya abiria mpaka Matema, akatembea ufukweni hadi Lyulilo. Mitumbwi ilikuwa imeshafika kutoka upande wa Wakisi wafinyanzi, vyungu vimepangwa kwenye majani makavu, vingine bado vimefungwa kwa kamba za migomba. Mama mmoja mnene, Felista, alimwona anavigusa vyote bila kuchagua.

"Unatafuta cha nini?"

"Cha kukaangia bisi. Bila mafuta."

Felista hakucheka. Akainua kimoja chenye mdomo mpana, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakirudisha. Akagonga kingine. "Hiki. Kitako kinene, hakitakuunguzia. Ukifika nyumbani usikimbilie bisi. Kipikie uji wa pumba kwanza, uache upoe humo humo mpaka kesho. Mahindi unayo?"

"Ya sokoni."

"Hayo yamekaa juani sana. Bisi inapasuliwa na maji yaliyomo ndani ya punje. Ikikauka mno, inaungua tu imekaa." Akamfungia chungu kwa majani. "Yale madogo mekundu ndiyo mazuri. Siku hizi hayalimwi sana. Uliza Ipyana, kuna maboma bado wanayo."

Habiba akashukuru. Akarudi na chungu mapajani, na Noah ilipopita Ipyana abiria wawili walishuka, mlango ukakaa wazi muda wa kutosha mtu kuamua. Hakushuka. Aliukumbatia mdomo wa chungu kwa mikono miwili akatazama mbele.

Alipika uji wa pumba kama alivyoambiwa. Alijaribu mahindi ya sokoni kwenye chungu. Safari hii hayakuungua sana, ila nusu yalibaki punje, na utamu haukuwepo. Alizimaliza, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Siku sita akafanya hivyo. Siku ya saba alivaa buibui lake jipya, akalivua, akavaa la kila siku, akapanda bajaji.

Boma lilikuwa pale pale. Nyumba ya matofali na bati imesimama palipokuwa na ya nyasi, na uani kokoa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, harufu yake chachu imejaa hewani. Mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa anaigeuza kokoa kwa mikono.

"Mugonile," Habiba akasalimu, Kinyakyusa chake kikitoka na kutu.

"Ndaga. Karibu." Yule mwanamke akajifuta mikono, akamtazama, akaendelea kumtazama. "Wewe ni Habiba."

"Umenijuaje?"

"Nimeolewa humu miaka thelathini na sita. Ningekosaje kukujua, kwa jinsi nilivyosimuliwa." Hakusema kwa ukali. "Mimi ni Beatrice. Mama Lusungu wananiita. Kaa."

Habiba akakaa kwenye kigoda. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimkimbia, akabaki na ukweli mtupu: presha, nesi, sufuria, chungu cha Lyulilo, mahindi mekundu. Alipomaliza alijisikia mjinga, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyevuka miaka yote ile kwa ajili ya mbegu.

Beatrice akajifuta mikono tena. Kisha akaenda darini, akarudi na mahindi manne yakiwa bado na maganda yake.

"Mama mkwe alinifundisha mimi, kabla hajafa," akasema. "Hakumfundisha binti yake hata mmoja. Alisema bisi hizi zina mtu anayezisubiri, kwa hiyo azijue anayekaa naye." Akamrushia Habiba mahindi mawili. "Usiyamenye kabla ya siku ya kupika. Yakikaa na ganda lake, punje haipotezi maji yote. Pukuchua."

Wakapukuchua. Beatrice aliweka chungu kwenye mafiga, akaacha kipate moto taratibu, akadondoshea tone la maji. Tone likatambaa kitakoni likatoweka. "Bado." Akasubiri. Tone la pili likaruka kama kitu kilichochomwa. "Sasa." Akatia konzi moja tu, punje zikatandika kitako safu moja, akazikoroga kwa kicha cha vijiti vyembamba bila kupumzika, mpaka ya kwanza ilipopasuka. Hapo akatoa vijiti, akafunika kwa bakuli la udongo, akashika chungu kwa matambara mawili na kukizungusha juu ya moto.

"Sikiliza. Zinaporuka pamoja, usiguse mfuniko. Zikianza kupishana, hesabu. Ukifika tatu hujasikia nyingine, ondoa. Na usiziache zimefunikwa, mvuke utazilainisha."

"Na chumvi?"

Beatrice akachukua kikopo kidogo, akakifungua chini ya pua ya Habiba. Maganda ya limau yaliyokaushwa na kutwangwa, pamoja na pilipili manga. Habiba akafumba macho. Ilikuwa harufu ile ile ya kwenye gogo.

"Unanyunyiza zikiwa moto," Beatrice akasema, akijifanya anashughulika na ungo. "Ulimi hautakumbuka chumvi."

Zilikuwa ndogo, nyeupe, zina wekundu kidogo katikati. Habiba alitia moja mdomoni. Hakutafuna mara moja.

Baiskeli ilisikika nje ya ua. Gwamaka aliingia akiisukuma, panga limefungwa nyuma, mvi zimemjaa kichwa kizima. Alimwona mgeni, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba baiskeli ile ndiyo ilikuwa jambo la maana siku ile.

"Mama Ridhwani," akasema. Kumbe alijua hata jina la mwanawe.

"Baba Lusungu. Habari za shamba?"

"Nzuri. Mvua imezidi kidogo."

"Na mjini pia."

Beatrice akaweka ungo katikati, watu watatu wakala. Waliongea juu ya mto uliofurika mwaka juzi, juu ya kokoa, juu ya Ridhwani ambaye yuko Mbeya. Gwamaka alikula kama zamani, akichukua tatu tatu, akitazama chini. Mara moja mkono wake na wa Habiba ilifika kwenye ungo pamoja. Wote wawili waliivuta mikono, haraka, na kila mmoja akajifanya ameshiba.

Jua lilipopungua Habiba aliinuka. Beatrice akamfungia mahindi kumi kwenye kitambaa, akamwambia mumewe, "Msindikize mgeni barabarani."

Walitembea, Gwamaka mbele kidogo. Njia ilikuwa na migomba pande zote mbili, na maji yamesimama kwenye mitaro. Habiba alikuwa na miaka arobaini ya maneno na njia ya dakika tano.

"Nilikuja msibani kwa Mansuri," Gwamaka akasema.

"Niliambiwa."

"Alikuwa mtu mwema?"

"Mwema sana. Hakuwahi kuniinulia sauti."

"Alhamdulillahi," Gwamaka akasema. Alilitamka sawasawa, kila herufi mahali pake, kama Habiba alivyomfundisha mwaka ule kwenye gogo, kijana aliyekuwa anajiandaa kuwa mkwe wa mtu wa Kilwa. Habiba akageuza uso upande wa migomba. Bajaji ilipotokea, Gwamaka aliisimamisha, akamshikia lile furushi mpaka alipokaa, akampa.

"Presha usiichezee," akasema.

Habiba hakurudi Ipyana baada ya hapo. Alitaka kurudi. Kuna siku alivaa kabisa, akafika mlangoni, akaketi. Alijua kwamba kwenda mara ya kwanza ilikuwa mahindi, na kwamba mara ya pili isingekuwa mahindi, na Beatrice hakustahili hilo. Badala yake alipanda punje za mahindi matatu nyuma ya nyumba, kwenye kijisehemu kati ya bomba na ukuta. Yaliyobaki aliyapika moja moja kwa siku zake, kwa chungu cha Felista, kwa limau na pilipili manga. Zilipasuka zote. Alizila nyumbani jikoni badala ya dukani, kwa sababu aligundua kwamba bisi za kweli zinamtoa machozi, na machozi hayafai mbele ya wateja. Zahanati walimpima mwezi wa nne, wakampima wa sita. Nesi alifurahi, akamwambia vidonge aendelee navyo, na huo upishi wake aendelee nao. Lakini mwili kupona hakukumpunguzia kitu kingine. Zamani alikuwa anakumbuka mtu wa miaka ishirini. Sasa alimkumbuka mwenye mvi, na huyu alikuwa hai, yuko mwendo wa bajaji, saa hiyo hiyo amekaa na ungo mbele yake.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, Beatrice aliingia dukani. Alikuwa na kapu la mahindi mapya, mekundu.

"Hajui kama nimekuja," akasema, akiketi. "Nilingoja urudi. Hukurudi."

"Nilishindwa."

"Nilijua umeshindwa. Ndiyo maana nimeyaleta mwenyewe."

Habiba akafunga mlango wa duka nusu, akamkaribisha ndani jikoni, akawasha jiko. Adhana ya alasiri ilisikika, Beatrice akasema nenda kaswali, mimi nitaangalia chungu. Habiba aliporudi bisi zilikuwa kwenye sinia, zimenyunyizwa. Wakala.

"Nina jambo moja nauliza," Beatrice akasema. "Likikuudhi, usijibu. Alikuwa tayari kuondoka nawe. Alinieleza kabla hatujaoana, hakunificha. Wewe ndiye ulimkataza. Kwa nini?"

Habiba aliangalia mikono yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye mwenyewe hakujiuliza kwa sauti.

"Niliogopa kwamba siku moja angenitazama akamkumbuka mama yake," akasema. "Niliona nitakuwa nimemnyang'anya. Nilikuwa mtoto. Nilidhani mtu akibaki kwao basi amebaki mzima."

"Hakubaki mzima," Beatrice akasema taratibu. "Amekuwa mume mzuri. Lakini ikifika saa ile ananyamaza, na mimi nimeishi na ule unyamavu mpaka nikaupikia. Kuna miaka nilikuchukia, na sikujua sura yako."

"Na sasa?"

Beatrice akaokota bisi moja kwenye sinia. "Sasa nimekuona unavyokula. Nyote wawili mnakula hivyo hivyo. Sina mtu wa kumchukia tena."

Habiba akalia, si sana. Beatrice hakumbembeleza, alimsogezea tu ncha ya khanga yake mwenyewe ajifute. Kisha akasimama, akatoka mpaka dukani, akaanza kupitisha mkono kwenye majora, akivuta hiki, akirudisha kile, mwisho akasimama kwenye kitenge cha bluu chenye maua ya rangi ya udongo.

"Nipimie hiki, cha watu wawili," akasema. "Lusungu anaolewa mwezi wa kumi na mbili, kanisani kwetu. Mmoja ni mimi."

"Na wa pili?"

"Upande wa mama wa binti lazima awepo dada wa kuvaa naye sare. Sina dada."

Habiba alisimama na futi mkononi. "Gwamaka atasemaje?"

"Ataona mwenyewe siku hiyo. Asiposema kitu nitamwelewa. Sijamzoea kwa maneno."

Habiba akashusha jora, safari hii bila kupanda kigoda, akalikunjua juu ya meza. Alipima mara ya kwanza, mkono ukateleza. Akakusanya kitambaa, akaanza tena kupima toka mwanzo.